Jina la Mtoto Haliazimwi

*Shikamoo Bibi,*

*Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Litumbandyosi, wilaya ya Mbinga. Huu ni mwaka wangu wa nne kazini, na tangu nifike nimepewa kusimamia michezo ya wasichana. Nilikuta uwanja umejaa majani. Tukafyeka, tukachora mistari kwa majivu, fundi wa kuchomelea akatutengenezea pete za magoli kwa vipande vya nondo. Leo tuna timu ya netiboli ambayo mwaka jana ilifika fainali ya kanda yetu kwenye UMISSETA, ikafungwa kwa goli moja.*

*Goli hilo moja ndilo limeleta maneno. Mfanyabiashara mmoja wa mazao amesema mwaka huu atatupa jezi mpya na gari la kutupeleka Mbinga mjini, ila kwa sharti tushinde. Na dawa ya kushinda amekuja nayo mwenyewe: binti wa ndugu yake, mrefu, mfungaji hodari, aliyemaliza kidato cha nne mwaka juzi. Anataka acheze kwa jina la Oliva (si jina lake halisi), mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye ni mchezaji wa akiba. Oliva hakosi mazoezi, mvua au jua, lakini kwa kweli si mkali. Wanasema abaki tu nyumbani siku za mechi, hakuna atakayejua.*

*Wakati huohuo amefika mgeni kutoka Songea, anasema anaitafutia shule yao vipaji. Anamtaka Tekla (nalo si jina lake), mfungaji wangu wa kidato cha pili, miaka 15. Ameahidi kumlipia ada na kumpa pa kuishi, na anataka kuondoka naye kabla mashindano hayajaanza. Mama yake amefurahi sana. Mimi roho inaniuma, maana Tekla akienda timu imekwisha. Wazazi wengine wananiambia: "Mwalimu, usipompokea yule binti na Tekla akaondoka, tutafungwa kwa aibu na lawama ni zako." Mkuu wa shule ananiambia nitumie busara.*

*Orodha ya majina 12 natakiwa niipeleke baada ya wiki mbili. Bibi, nifanyeje?*

*T.N., Litumbandyosi*

Kwanza, hongera

Marahaba, mwanangu T.N. Barua yako nimeisoma, nikarudia tena taratibu. Pole na mzigo, na hongera kwa kazi. Mwalimu anayefyeka uwanja, akachora mistari kwa majivu na kumfuata fundi wa nondo mwenyewe, huyo anawapenda watoto. Ndiyo maana unakosa usingizi.

Wala simhesabu huyo mfanyabiashara kuwa mtu mbaya. Anayetaka timu ya kwao ishinde mara nyingi anataka mema: wasichana wa kijijini waonekane, wazazi wapate la kusimulia gulioni, shule isitajwe tu siku matokeo ya mitihani yanapotoka. Mama yake Tekla naye ana haki ya kufurahi. Mzazi gani hafurahi mwanawe akitafutwa na watu wa mjini?

Kwa hiyo sitakujibu kana kwamba umezungukwa na waovu. Umezungukwa na watu wenye haraka, na wote wanataka saini iwe yako.

Tena naona umefunga mambo mawili kwa kamba moja. Lipo la Oliva na lipo la Tekla. Ukiyaacha yakae pamoja, utampokea yule binti kwa hofu ya kumkosa Tekla, au utamzuia Tekla kwa kuwa huna mwingine. Tuyafungue, tulitazame kila moja peke yake.

Jina la Oliva

Hili la kwanza halina kona, mwanangu. Jibu ni hapana.

Mashindano ya UMISSETA ni ya wanafunzi. Aliyemaliza kidato cha nne mwaka juzi si mwanafunzi wako, hata kama anafunga kwa mkono mmoja. Akiingia uwanjani kwa jina la mwingine ni mamluki, na timu inayokamatwa na mamluki hupokonywa ushindi au huondolewa mashindanoni. Hilo unalijua, na wanaokushauri wanalijua. Wanachokuambia ni kwamba hamtakamatwa.

Nimewahi kukaa karibu na meza ya uhakiki wakati orodha inasomwa. Msimamizi akaita jina. Binti aliyepaswa kuitika alikuwa anatazama pembeni, kwa sababu halikuwa jina lake. Mwenzake akamgusa kwa kiwiko. Akaitika amechelewa, macho yote yakamgeukia. Akaulizwa mwalimu wake wa darasa ni nani, akainama akachezea kamba ya kiatu. Watu wazima waliompanga walikuwa nyuma ya uzio, kimya. Mbele ya meza alisimama mtoto peke yake.

Sasa mfikirie Oliva. Kila siku ya mazoezi yuko uwanjani. Anaokota mipira, anakaa benchi, anashangilia wenzake. Siku ya mechi anaambiwa jina lake linahitajika, yeye mwenyewe hahitajiki. Ajifungie nyumbani asionekane. Usidhani hatalielewa. Atalielewa vizuri kabisa, na wenzake 11 watalielewa pamoja naye: kwamba jasho la mazoezi halina thamani mbele ya mtu mrefu aliyeletwa na mwenye gari. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Yule binti ataondoka mashindano yakiisha. Oliva utaingia naye darasani Jumatatu, na Jumatatu inayofuata.

Lipo na jingine ambalo wanaokusukuma hawakulitaja. Netiboli ni mchezo wa kuruka na kusimama ghafla, vifundo vya miguu na magoti huumia. Yule binti akianguka akavunjika mkono, zahanati itaandika jina la nani? La Oliva, aliye nyumbani anasonga ugali? Mzazi gani ataitwa? Na wewe utawaeleza nini?

Jina linakwenda mbali kuliko mechi

Watu wazima wa zamani tulizoea jina kuwa kitu cha mdomoni. Ukiitwa hivi shuleni na vile nyumbani, hakuna aliyejali. Siku hizo zimepita. Mtoto wa leo ana cheti cha kuzaliwa cha RITA, ana namba yake ya mwanafunzi ya PReM inayomfuata tangu shule ya msingi, atapata cheti cha kidato cha nne, kisha kitambulisho cha taifa. Vyote hivyo vinatakiwa viseme neno moja. Vikipishana, anayehangaika ofisi hadi ofisi ni mwenye jina.

Na tusiseme kwamba hayo ni ya maofisini, hayahusu mpira. Netiboli ya nchi hii kwa miaka mingi imebebwa na timu za majeshi na taasisi za umma, kama JKT Mbweni na Uhamiaji. Binti wa kijijini anayeota kuishi kwa mchezo huu anaota ajira huko. Mlangoni pa ajira hiyo kipaji hutazamwa, lakini vyeti hutazamwa pia. Unakumbuka Aprili 2017, matokeo ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma yalipotangazwa: watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, na wakatakiwa kuondoka kazini. Wamo waliokuwa wametumikia miaka mingi. Uongo wa karatasi huweza kulala muda mrefu, kisha ukaamka siku mtu ana watoto wa kusomesha.

Sisemi kwamba orodha ya mashindano ya kanda ni sawa na cheti cha serikali. Nasema mtoto anayefundishwa akiwa na miaka 16 kwamba jina ni kitu cha kuazimana, somo hilo ataondoka nalo. Aliyemfundisha ni mwalimu wake, tena mwalimu anayempenda. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Yamewahi kufika hadi timu ya taifa

Kama unadhani ni mambo ya viwanja vya vumbi, tazama timu yetu ya soka ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys. Ilifuzu fainali za Afrika za mwaka 2005 zilizofanyika Gambia. Kabla ya kwenda ikaondolewa, kwa sababu ilikuwa imemchezesha kijana aliyezidi umri. Nafasi yake wakapewa Zimbabwe. Kosa lilihusu mchezaji mmoja, lakini kikosi kizima kilibaki nyumbani, pamoja na vijana ambao umri wao ulikuwa sahihi na hawakuulizwa na mtu.

Miaka 12 baadaye upepo uligeuka. Katika kufuzu fainali za 2017 nchini Gabon, vijana wetu walitolewa na Kongo Brazzaville. Tanzania ikalalamikia umri wa mchezaji mmoja wa Kongo. Shirikisho la soka la Afrika likataka kijana huyo apelekwe kupimwa, hakupelekwa, Kongo wakaondolewa na Serengeti Boys wakaenda Gabon. Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu. Lakini mwenye kushangilia haki ikimwangukia mwenzake ajue kwamba siku nyingine itamwangukia yeye.

Hata huko Marekani, kwenye besiboli ya watoto, mwaka 2001 mrushaji mmoja alishangiliwa nchi nzima kwa mashindano ya watoto wasiozidi miaka 12. Baadaye ikagundulika ana miaka 14. Ushindi wa timu yake ukafutwa. Baba yake na mwenye timu wakafungiwa maisha kujihusisha na mashindano hayo. Ajabu ni kwamba hadi leo, kisa hicho kikitajwa, jina linalotajwa kwanza ni la yule mtoto. Waliopanga walikuwa watu wazima. Aliyebaki na doa ni yeye.

Huko juu Umatengo wanaolima kahawa wanajua: kiganja kimoja cha mbichi kikichanganywa na mbivu, gunia zima hushushwa daraja. Timu yako ni gunia hilo.

"Wenzetu wanafanya"

Najua hoja itakayofuata. Watakuambia shule fulani mwaka jana ilileta watu wazima wenye watoto nyumbani, na ndiyo iliyowafunga. Huenda ni kweli. Kama ni kweli, na kama una ushahidi, kanuni za mashindano zinakupa njia: unapeleka malalamiko kwa maandishi kwa msimamizi kabla au mara baada ya mechi. Ukiwa na mchezaji wako wa kuazima, mdomo wako umeuziba mwenyewe. Huwezi kumnyooshea jirani kidole ukiwa na kasoro ileile kwenye orodha yako.

Tena nadhani wazazi wamesahau jinsi michezo hii inavyopanda. Shule hukutana, kisha wachezaji bora huchaguliwa kutoka timu mbalimbali kuunda kombaini. Kombaini hiyo hupanda hadi wilaya, wilaya hutoa wa mkoa, na mkoa wa Ruvuma hupeleka timu yake kwenye fainali za taifa. Shule ikifungwa, mchezaji wake mzuri hajafungiwa mlango. Wanaochagua wako pembeni ya uwanja wanatazama. Binti aliyefunga vizuri kwenye timu iliyoshindwa anaweza kuitwa, na aliyekaa benchi kwenye timu bingwa asiitwe.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Ukimweka mamluki mbele ya goli, mipira yote itakwenda kwake. Wachaguzi watamwona yeye. Akichaguliwa, amekula nafasi ya mwanafunzi halali. Akikataa kwenda kwa kuogopa uhakiki, nafasi imepotea bure. Kwa vyovyote vile, wasichana wako ndio waliochezeshwa kama wasindikizaji. Hamtakuwa mmewasaidia watoto wa Litumbandyosi waonekane. Mtakuwa mmewafunika.

Tekla ni jambo jingine

Hapa nitakugusa kidogo, nawe univumilie. Umeandika kwamba roho inakuuma kwa kuwa Tekla akienda timu imekwisha. Hukuandika kama kwenda kwenyewe kuna heri kwake au hakuna. Najua ni uchungu wa mtu aliyejenga kitu kwa mikono yake. Lakini Tekla hakuzaliwa kwa ajili ya timu yako. Mtoto mwenye kipaji kuhama shule si kosa, na kumtafuta mtoto mwenye kipaji si kosa. Kama njia ni safi, kazi yako ni kumfungashia mizigo na kumwombea.

Swali ni kama njia ni safi. Na hapo mgeni wenu ameniacha na mashaka.

Anasema atamlipia ada. Ada ipi? Tangu 2016 wanafunzi wa shule za serikali hawalipi ada hadi kidato cha nne, na kuanzia 2022 hata kidato cha tano na cha sita. Kama shule yake ni ya serikali, ameahidi kulipa kitu ambacho hakilipwi. Kama ni ya binafsi, basi atoe barua ya shule inayoonyesha ni nini kinalipwa, na nani, hadi lini. Gharama halisi za mtoto anayesoma mbali ni bweni, chakula, sare, madaftari, nauli za likizo, taulo za kike na dawa akiugua. Mtu aliyezoea kusomesha wachezaji angeanza na hizo.

Anasema atampa pa kuishi. Kwa nani? Songea ni mbali na nyumbani kwao. Binti wa miaka 15 akikaa kwenye nyumba ya watu wasiomjua mama yake, mara ngapi tumeona mazoezi yakigeuka kuosha vyombo, na masomo yakigeuka kulea watoto wa mwenye nyumba? Mara ngapi tumeona mabaya zaidi ya hayo? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Mtoto hakabidhiwi mtu kwa mdomo, eti kwa sababu amekuja na gari na fulana ya michezo.

Na kwa nini aondoke kabla ya mashindano? Tekla yuko kidato cha pili, mwaka wa upimaji wa taifa. Kumbukumbu zake zote ziko shuleni kwenu. Uhamisho wa mwanafunzi unapita kwa wakuu wa shule wawili, na kumbukumbu zake zinahamishwa kwenye mfumo. Akichukuliwa juu juu ili awahi kuchezea shule nyingine, huko atakuwa nani? Nina wasiwasi atakuwa Oliva wa watu wengine: mwili wake uwanjani, jina la mtoto mwingine kwenye orodha. Na mwisho wa mwaka ukute hana pa kufanyia mtihani.

Maswali ya kumpa mgeni

Usimfukuze. Mwalike ofisini, mbele ya mkuu wa shule na mama yake Tekla, na Tekla mwenyewe awepo. Kisha aulizwe kwa heshima:

1. Shule yako ni ipi, na iko wapi barua ya mkuu wa shule hiyo ya kumpokea?
2. Utaratibu wa uhamisho umeanza, au unataka tuuanze sasa? Ataingia darasani lini, kwa jina lake mwenyewe?
3. Atalala wapi? Kama ni bwenini, nani ni matroni? Kama ni nyumbani kwa mtu, ni nani huyo, na mama anaweza kwenda kupaona kabla?
4. Nani atalipa nini, kwa miaka mingapi, na hilo limeandikwa wapi?
5. Akiumia goti asicheze tena, ataendelea kusoma hapo, au atarudishwa?
6. Kwa nini asisubiri muhula uishe?

Swali la tano ndilo kubwa. Anayemtaka mtoto atalijibu bila kukunja uso. Anayemtaka mfungaji atazunguka.

Majibu yakiwa mazuri na karatasi zipo, mwache aende, hata kama ni wiki ya fainali. Yakiwa ya kupapasa, mama aambiwe ukweli kwa upole: fursa ya kweli haikimbii ukiomba barua. Na mgeni akijaribu kumchukua mtoto kwa njia za pembeni, mwone mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Polisi nako lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Usione haya. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Njia zilizo mbele yako

Nazipima tatu.

Ya kwanza ni kukubali yote: mamluki aingie, Tekla aondoke kimya kimya, jezi zije. Faida yake ni amani ya wiki chache na pengine kikombe. Hatari yake ni watoto 12 kuondolewa mashindanoni mbele ya shule zote, Oliva kujua kwamba mwalimu wake alimwuza, na wewe kusimama mbele ya Tume ya Utumishi wa Walimu kueleza saini yako. Mkuu wa shule aliyekuambia utumie busara hatakuwa ameandika popote kwamba alikutuma. Mfanyabiashara hana ajira ya kupoteza hapo. Wewe unayo.

Ya pili ni kujiuzulu timu, kusema mniache nifundishe darasani tu. Ninaielewa. Lakini ukiondoka, orodha itaandikwa na mwingine, na pengine huyo hatakosa usingizi. Watoto hawatapona kwa wewe kujitoa.

Ya tatu ni kukataa mamluki waziwazi, kumsafishia Tekla njia au kuifunga, na kuingia uwanjani na watoto wako halali, mshinde au mfungwe. Hatari yake ni kukosa jezi, kusemwa vilabuni, na labda kufungwa kweli. Hii ndiyo nakuelekeza. Lawama za kijiji hupoa msimu ukibadilika. Aibu ya mtoto haipoi upesi hivyo.

Orodha yenyewe

Wanaoingia uwanjani ni saba, na wewe una nafasi 12. Ina maana watakuwapo watakaoachwa, na hapo ndipo makocha wengi hukimbilia kubandika karatasi ukutani jioni na kutoweka. Wewe usifanye hivyo.

Kabla hujachagua, waambie watoto vigezo, mbele ya wote: nidhamu, mahudhurio ya mazoezi, uwezo, na nafasi ambayo timu ina pengo. Baada ya kusema, usivivunje kwa simu ya mzazi. Kila utakayemwacha mwite peke yake, umwambie kwa nini na afanye nini ili mwakani aingie. Mpe kazi ya kweli: kuandika magoli, kusimamia vifaa, kujifunza urefa. Waamuzi wa netiboli wanatakiwa kote, na refa naye husafiri na timu.

Oliva umwite pia. Sijui kama atastahili kuwa kati ya 12 kwa vigezo vyako. Hilo utaliona wewe. Akistahili, acheze kwa miguu yake. Asipostahili, aambiwe hivyo kwa heshima, lakini ajue jina lake halikutumika kwa lolote.

Na kumbuka mashindano yanaangukia wakati wa mavuno. Wapo wasichana ambao mama zao wanawahitaji shambani, wanaokosa mazoezi kwa sababu hiyo na si kwa uvivu. Kabla hujamkata mtoto kwa mahudhurio, nenda ukaongee na nyumbani kwao. Pengine saa ya mazoezi ikisogezwa kidogo, umempata mchezaji ambaye ulikuwa ukimtafuta kwa watu.

Kuhusu jezi na gari

Mfuate mfanyabiashara nyumbani kwake, usimjibu barabarani. Mshukuru. Mwambie binti wa ndugu yake ana kipaji, na mahali pake ni timu ya mtaani au klabu, ambako hahitaji jina la mtu. Pia anaweza kuja kuwafundisha wadogo zake ufungaji siku za mazoezi. Huyo ni mgeni ambaye wenyeji wanapona kwake. Kisha mwombe jezi bila sharti la ushindi, na umwambie jina lake litatajwa mbele ya wazazi. Wengi wakiombwa hivyo, ana kwa ana, hutoa. Akikataa, chezeni na jezi za zamani. Refa hahesabu magoli kwa upya wa jezi.

Wiki hii ufanye hivi

Kesho muone mkuu wa shule. Mwambie kwa mdomo, kisha umwandikie, kwamba orodha utakayosaini ni ya wanafunzi walioandikishwa tu. Neno "busara" lipate maana kwenye karatasi.

Keshokutwa mwone mama yake Tekla, na mpange siku ya kumwita mgeni. Mwisho wa wiki waite wazazi uwanjani, si ofisini, wawaone watoto wao wakicheza. Waambie wazi kwamba mwaka huu mtacheza na wa kwenu. Atakayelalamika mwulize taratibu: ingekuwa jina la binti yako ndilo linaloazimwa, ungesema hivyo?

Kisha ufanye mazoezi, mwanangu. Mwaka jana, mkiwa na watoto halali, mlifungwa kwa goli moja tu. Goli moja linapatikana kwa pasi za haraka na kwa wafungaji wawili waliozoeana, si mmoja tu wa kutegemewa. Anza kumfundisha wa pili leo, Tekla awepo au asiwepo.

Ukishamaliza kikao na mgeni, niandikie. Na kama Tekla ataondoka, niandikie anaishi kwa nani, na kama mama yake amekwenda kupaona.

Ni mimi, Bibi yako.